Orodha, kadi, kusoma au mizizi: njia ipi ya kujifunza msamiati mgumu wa Kiingereza?

Anayetaka kutoka kwenye Kiingereza cha kawaida na kuingia kwenye Kiingereza kizito huanza, karibu kila mara, kwa kutafuta orodha: maneno mia tano ya lazima, maana pembeni, kariri. Wiki chache baadaye anayatambua mengi akiyaona, lakini akikaa kuandika hayaji, na yakija yanakaa vibaya. Si uvivu, wala si kichwa kigumu. Kulitambua neno na kulitumia ni ujuzi wa aina mbili, na kila njia ya kujifunza hujenga mmoja zaidi ya mwingine. Ndiyo maana ni vigumu kumwambia mtu "tumia njia hii" kabla hajasema analitakia neno kazi gani: alielewe akilisoma, au alitoe mwenyewe mdomoni na kwenye kalamu.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tano: orodha, kadi za marudio, kusoma kwa wingi, mizizi ya maneno, na mbinu ya kushikiza neno kwenye sauti ya lugha yako. Baada ya hapo yanakuja mambo ya kamusi, kwa sababu kamusi isiyofaa huharibu njia yoyote kati ya hizo.

Pima kwanza ulipo

Chukua ukurasa wa kitu unachotaka hasa kukisoma, uwe wa gazeti, ripoti au riwaya, wenye maneno kama 300. Piga mstari chini ya kila neno usilolijua. Yakiwa 6 au pungufu, unajua asilimia 98 ya ukurasa huo na mengine utayabahatisha kwa muktadha bila shida. Yakiwa 15, uko kwenye asilimia 95: unafuata hoja, lakini unachoka. Yakifika 30, hapo huisomi matini, unaifumbua kama fumbo.

Mtaalamu wa msamiati Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba kufikia ile asilimia 98 kwenye riwaya na magazeti kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, na kwenye mazungumzo 6,000 hadi 7,000. Familia moja ni neno pamoja na minyumbuliko yake: "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" zinahesabiwa kuwa kitu kimoja.

Hesabu hiyo ina maana moja ya haraka. Kama bado unababaika kwenye maneno 3,000 yanayotumika zaidi, achana kwanza na "obsequious" na "perspicacious". Mtu asiye na uhakika wa tofauti ya "rise" na "raise" hapati faida yoyote kwa kujua "ameliorate". Ataliweka ndani ya sentensi iliyokwisha kuvunjika.

Neno moja mikononi mwa njia tano

Tuchukue "mitigate", kitenzi kinachojaa kwenye ripoti, habari za hali ya hewa na hukumu za mahakama.

Kwenye orodha utalikuta hivi: mitigate, punguza. Maana hiyo si ya uongo, ila ni pana mno. Kiswahili kinapunguza bei, uzito, sauti, kasi, maumivu na makali ya adhabu kwa kitenzi kilekile. Kiingereza kinagawa kazi hiyo: bei huwa "reduce" au "lower", maumivu na umaskini huenda na "alleviate", matumizi na uhuru huenda na "curtail". "Mitigate" linachukua jambo baya, halilifuti, linalipunguzia makali tu: athari, hatari, madhara, hasara. Aliyekariri "punguza" peke yake ataandika "mitigate my weight" na hataelewa kwa nini msahihishaji amepiga mstari mwekundu, maana kisarufi sentensi haina kosa.

Kwenye kadi iliyotengenezwa vizuri, upande wa mbele kuna sentensi yenye pengo: "New drainage channels were built to m______ the effects of flooding." Nyuma kuna neno lenyewe, matamshi (MI-ti-geit, mkazo mwanzoni), maana kwa kifupi, kupunguza makali ya jambo baya, na maneno yanayoandamana nalo: effects, risk, damage, impact. Chini kabisa, neno moja: rasmi. Kadi hiyo inakudai ulitoe neno, si kulitambua tu.

Msomaji wa kawaida atalikuta "mitigate the impact of" leo kwenye habari, wiki ijayo kwenye makala ya tabianchi, kisha "mitigating circumstances" kwenye habari ya mahakamani. Akilikuta mara za kutosha, sikio lake litakataa "mitigate my weight" bila kujua sheria yoyote. Neno muhimu hapo ni "mara za kutosha", na tutalirudia.

Anayefuata mizizi ataambiwa kwamba chanzo ni Kilatini "mitis", yaani laini au pole. Kulainisha. Inasaidia kukumbuka, lakini haikuambii chochote kuhusu "effects" na "risk".

Na mbinu ya sauti? Kwa "mitigate" unaweza kuanzia kwenye "miti": safu ya miti iliyopandwa kukinga upepo. Upepo bado upo, ila makali yamepungua. Mara chache sana sauti na maana huangukiana vizuri hivi, na hilo lenyewe ni dosari ya mbinu hii.

Orodha: zinatofautiana kuliko zinavyofanana

Kuna orodha zilizotungwa na mtu aliyekusanya maneno anayoyaona ya kuvutia, na kuna orodha zilizotoka kwenye hesabu ya matini halisi. Za kundi la kwanza hujaa maneno kama "sesquipedalian", ambayo Mwingereza mwenyewe huyatumia kwa utani. Zikwepe.

Za kundi la pili zinafaa, mradi ujue zilihesabiwa kutoka wapi. Iliyo maarufu zaidi ni Academic Word List ya Averil Coxhead, iliyochapishwa mwaka 2000. Ina familia 570, haihusishi maneno 2,000 ya kawaida ya orodha ya Michael West ya mwaka 1953, na inabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote kwenye maandishi ya kitaaluma. Kwenye hadithi za kubuni, orodha hiyohiyo inabeba asilimia 1.4 tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo akiijua ataona kurasa zinafunguka. Anayesoma riwaya atashangaa kwa nini amejitesa bure.

Familia hizo 570 zimepangwa katika makundi kumi, tisa ya familia 60 na la mwisho la 30, kuanzia zinazotokea sana. Nakala nyingi zinazozunguka zimevuruga mpangilio huo na kuzipanga kwa alfabeti. Tafuta iliyo na makundi. Alfabeti ina madhara mawili: unatumia nguvu za mwanzo kwa maneno yasiyotokea sana, na unaweka pamoja maneno yanayofanana sura, ambayo kichwa hukimbilia kuyachanganya.

Hilo la kuchanganya lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Orodha nyingi, na walimu wengi, hupenda kufundisha jozi kwa pamoja: "imply" na "infer", "discreet" na "discrete", "ingenious" na "ingenuous", "credible" na "credulous". Inaonekana ni akili, kumbe ndiyo njia ya uhakika ya kutojua lipi ni lipi. Jifunze moja mpaka likae, yaani ulijibu vizuri hata baada ya wiki tatu bila kulitazama, ndipo umlete pacha wake.

Na ukikariri kutoka kwenye karatasi, changanya mpangilio. Vinginevyo unakumbuka kwamba ni lile la nne kutoka juu, na nje ya karatasi hiyo hakuna la nne kutoka juu.

Kadi za marudio: hesabu yake na zinapoharibika

Msingi wake ni wa zamani. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni kisha polepole, na kadi za marudio hutumia hilo: unalirudia neno muda mfupi kabla ya kulisahau, na kila ukilikumbuka, nafasi hadi marudio yajayo hurefuka. Toleo la karatasi ni sanduku la Mjerumani Sebastian Leitner, aliyelieneza miaka ya 1970. Vyumba vitano. Cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kila baada ya nne, cha nne kila wiki, cha tano kila wiki mbili. Ukijibu vizuri kadi inasogea chumba kimoja mbele; ukikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa cha tano.

Kwenye simu na kompyuta kuna Anki, iliyoanza mwaka 2006. Ni ya bure kwenye kompyuta na Android. Programu yake ya iPhone hulipiwa mara moja. Hupanga siku za marudio yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kiwango inachokuja nacho ni kadi mpya 20 kwa siku. Siku ya kwanza ni mchezo. Baada ya wiki kadhaa, kadi mpya 20 kila siku huzaa marudio kama 200 kwa siku. Kwa sekunde 8 kila moja, hiyo ni karibu nusu saa, kila siku, zikiwemo za ugonjwa na safari. Ukiruka siku tatu zinakungoja kadi 600, na watu wengi huifuta programu siku hiyohiyo.

Anza na kadi mpya 8 hadi 10. Marudio yatatulia karibu na 80 hadi 100, dakika 11 hadi 13 hivi. Kwa kasi ya 10 kwa siku, familia 570 za Coxhead zinaisha kuingia ndani ya siku 57. Si haba.

Makosa ya utengenezaji yako mengi, ila manne ndiyo yanayoua. La kwanza ni kadi yenye maana nne nyuma yake. Unakumbuka mbili, je, umejibu au umekosa? Maana moja, kadi moja, sentensi moja. La pili ni kupakua furushi la kadi 3,000 lililotengenezwa na mtu mwingine. Sentensi zake hujawahi kuzisoma popote, kwa hiyo neno halina pa kujishika. La tatu ni kuweka Kiingereza mbele na Kiswahili nyuma peke yake. Kadi ya hivyo inafundisha kutambua; usiidai ikufundishe kuandika. La nne ni kung'ang'ania kadi isiyokaa. Ikikosewa mara nane, Anki huitia alama ya ruba, na jina linaifaa: inanyonya muda. Iandike upya kwa sentensi nyingine, au iondoe.

Kusoma: njia bora yenye hesabu mbaya

Hakuna njia inayofundisha matumizi ya neno vizuri kama kusoma sana. Rejista (kama neno ni rasmi au la mtaani), maneno yanayoandamana, sauti ya kejeli, yote huja yenyewe. Ila hebu tupige hesabu. Tuseme neno linatokea mara moja katika kila maneno milioni, na maneno mengi ya daraja la juu hayazidi sana hapo. Unasoma maneno 200 kwa dakika. Maneno milioni yatakuchukua dakika 5,000, ambazo ni saa 83. Kama kulishika neno kwa kusoma tu kunahitaji kukutana nalo mara kumi, na makadirio mengi huzungukia hapo au juu yake, utahitaji zaidi ya saa 800. Kwa bahati, katika saa hizo utakuwa ukiokota maelfu ya maneno mengine kwa wakati mmoja, hivyo si hasara. Lakini mwenye mtihani baada ya miezi miwili hana saa 800.

Njia ya kuipunguza hesabu hiyo ni kusoma kwa upana mdogo: makala nyingi juu ya mada moja badala ya makala moja juu ya kila mada. Anayesoma habari ishirini mfululizo kuhusu benki na mfumuko wa bei atakutana na "curb", "volatile", "sluggish" na "offset" tena na tena ndani ya wiki moja, kwa sababu waandishi wa fani moja huazimana maneno. Wiki mbili au tatu kwa mada, kisha hamia nyingine.

Jambo la pili: usisimame kwa kila neno. Weka alama, endelea, na ukimaliza sura rudi uchague matano. Yachague yaliyojirudia, au yaliyokuzuia kuelewa hoja. Neno zuri lililotokea mara moja liache lipite. Likiwa na umuhimu litarudi.

Hasara ya kusoma peke yake ni matamshi. Tahajia ya Kiingereza haiaminiki, na mzungumzaji wa Kiswahili amezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi anauweka hapohapo. "Epitome" lina silabi nne, i-PI-to-mi, na "hyperbole" vilevile, hai-PA-bo-li. "Indict" hutamkwa in-DAIT, na herufi b ya "subtle" haitamkwi kabisa. Mkazo pia huhama ndani ya familia moja: AN-alyse, a-NAL-ysis, ana-LYT-ical. Kila neno jipya lisikie mara mbili kwenye kamusi yenye sauti kabla hujalizoea kwa makosa. Kuling'oa likishazoeleka ni kazi nyingine.

Mizizi na viambishi: kwa kubahatisha, si kwa kuapa

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilimwaga maneno kwenye Kiingereza, na baadaye wasomi wakaongeza Kilatini na Kigiriki moja kwa moja. Ndiyo maana kuna ngazi tatu za jambo moja: "ask", "question", "interrogate", au "kingly", "royal", "regal". Msamiati wa daraja la juu umejaa ngazi ya pili na ya tatu, kwa hiyo mizizi michache ya Kilatini na Kigiriki inafungua milango mingi. "Spect" ni kutazama, "dict" ni kusema, "bene" ni heri, "mal" ni shari, "cred" ni kuamini, "loqu" ni kuongea. Anayeijua hiyo akikutana na "malediction" au "loquacious" hapotei.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mwanzo mzuri hapa, kwani kuchana neno na kuona kipande kipi kinafanya nini ndiyo kazi yake ya kila siku kwenye vitenzi. Mtego ni kuamini kwamba Kiingereza nacho kina utaratibu huo. "Inflammable" maana yake ni kinachoshika moto, sawasawa na "flammable". "Invaluable" ni cha thamani kubwa mno. "Ped" ya "pedestrian" ni mguu, ya Kilatini. Ile ya "pediatrician" ni mtoto, ya Kigiriki. "Homo" ya "homicide" ni mtu, ya "homogeneous" ni sawa. "Enervate" inasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kuzimaliza. "Noisome" halihusu kelele hata kidogo. Ni kitu kinachonuka vibaya.

Kwa hiyo jifunze mizizi kama 40 na viambishi kama 20, wiki tatu zinatosha, kisha vitumie kukisia ukiwa unasoma na kuthibitisha kwenye kamusi. Kama njia kuu haitoshi. Kama msaidizi wa kadi ni nzuri sana: neno lenye mzizi unaoujua huhitaji marudio machache.

Kushikiza neno kwenye sauti

Wanasaikolojia Richard Atkinson na Michael Raugh waliijaribu mwaka 1975 kwa Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kirusi, na ilifanya kazi. Hatua ni mbili: tafuta neno la lugha yako linalosikika kama sehemu ya neno geni, kisha jenga picha inayounganisha maana. "Mendacious", mwongo: kila akifungua mdomo anatoka mende. "Garrulous", mwenye porojo zisizoisha: abiria wa gari anayeongea toka kituo cha kwanza hadi cha mwisho.

Inashika haraka kweli, lakini inatoa maana tu, na inachelewesha. Katikati ya mazungumzo huna muda wa kupita kwa mende kwanza. Itumie kwa zile kadi ruba zilizokataa njia nyingine, na usizidishe.

Kwa kutazama mara moja

| Njia | Kutambua | Kutumia | Muda wa kuona matunda | Huharibiwa na |
|---|---|---|---|---|
| Orodha | Wastani | Hafifu | Siku chache, na husahaulika haraka | Maana ya neno moja, mpangilio wa alfabeti |
| Kadi za marudio | Nzuri sana | Nzuri zikiwa na sentensi zenye pengo | Wiki 3 hadi 4 | Kadi mpya nyingi kwa siku |
| Kusoma kwa wingi | Nzuri | Nzuri sana | Miezi | Matini ngumu mno, matamshi |
| Mizizi | Nzuri kwa kukisia | Hafifu | Wiki 3 | Mizizi inayodanganya |
| Kushikiza sauti | Nzuri kwa maneno machache | Hafifu | Papo hapo | Maneno dhahania |

Kamusi ipi mkononi

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ni ya haraka na inatosha kwa majina ya vitu. Kwa kivumishi au kitenzi cha daraja la juu inakupa kisawe kisichobeba hukumu iliyomo ndani ya neno. Angalia "thrifty", "frugal", "parsimonious" na "stingy". Yote yanahusu mtu asiyetumia fedha ovyo. La kwanza ni sifa. La pili kwa kawaida ni sifa, au halina upande. La tatu ni lawama kwa lugha ya kitabuni. La nne ni lawama ya mtaani, mkono wa birika kabisa. Ukimwita mwenyeji wako "parsimonious" ukidhani umemsifu kwa kuweka akiba, umemtukana kwa ufasaha.

Kamusi kubwa ya Waingereza wenyewe nayo ina shida yake: inaeleza neno gumu kwa maneno magumu. Iliyo kati ya hizo ni kamusi ya wanafunzi. Ya Longman, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, hueleza maana kwa kutumia maneno kama 2,000 tu ya msingi. Ya Collins COBUILD, ya mwaka 1987, hueleza kwa sentensi nzima, hivyo unaona neno likiwa kazini ndani ya maelezo yenyewe. Kwa anayejifunza kuandika, ya pili ina faida zaidi. Zote mbili huonyesha kama neno ni rasmi, la zamani, au la kudharau. Alama hiyo ndogo ndiyo wasomaji wengi huiruka.

Kitabu cha visawe kiache hadi uwe unayajua maneno yaliyomo. Kazi yake ni kukukumbusha unalolijua. Ukikifungua kutafuta neno usilolijua badala ya "fat", kitakupa "corpulent" na "plump" mstari mmoja, na hakitakwambia lipi linafaa kwa mtoto mchanga.

Sasa uchague

Mwenye GRE mbele yake, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, ahesabu hivi: tangu Agosti 2011 mtihani huo uliacha maswali ya kinyume na ya ulinganifu wa maneno matupu; sasa hujaza mapengo ndani ya matini, na aina moja ya swali hutaka maneno mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana ileile. Kadi zenye sentensi ndizo za kwake, pamoja na mizizi. Kutambua vizuri kunatosha, hatadaiwa kuyaandika.

Wa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, yuko upande wa pili. Msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne kwenye kuandika na kuzungumza, yaani asilimia 25 ya kila sehemu, na kinachopimwa ni kulitumia neno mahali pake, pamoja na maneno linaloandamana nayo. Maneno 200 anayoyamiliki yatamsaidia kuliko 1,000 anayoyatambua. Kusoma mada chache kwa kina, kadi za pengo, na kuandika aya moja kila siku. Kadi mpya zisimame wiki mbili kabla ya mtihani. Siku hizo ni za marudio tu.

Mwanafunzi wa chuo achukue makundi matano ya mwanzo ya Coxhead, familia 300, kwa kadi, huku sentensi akizichota kwenye vitabu vya somo lake. Baada ya hapo orodha iwekwe kando, asome.

Anayesoma kwa raha yake asijisumbue na kadi hata moja, isipokuwa anapenda. Kusoma kutamfikisha, polepole.

Kuna na yule ambaye kadi zake zinaenda vizuri, anajibu tisa kati ya kumi, lakini akiandika barua ya kazi anajikuta amerudi kwenye "good", "big" na "very important". Huyo asiongeze kadi. Achague maneno matano kwa wiki, ayatafute kwenye hazina ya matini kama COCA ya Marekani, yenye maneno zaidi ya bilioni moja na inayotumika bure kwa idadi fulani ya utafutaji kwa siku baada ya kujiandikisha. Atazame mistari ishirini ya kila neno, aandike ni nomino gani zimelifuata zaidi ya mara moja, kisha atunge sentensi tatu kuhusu kazi yake mwenyewe akitumia nomino hizo na si nyingine. Sentensi hizo ndizo zigeuzwe kuwa kadi mpya, zile za zamani za Kiingereza mbele na Kiswahili nyuma zikisimamishwa.